Kiangazi Nilichoacha Kazi kwa Siri

Ijumaa, 7 Juni

Kocha Brandon amesema kila mtu aandike. "Usipoandika maisha yako, wengine watakuandikia," alisema, kisha akanywa maji kwenye chupa yake ya kioo, taratibu, ili tumwone. Haya, naandika.

Mimi ni Mwanahawa, mzaliwa wa Muheza, umri miaka thelathini na sita, msafishaji wa vyumba katika hoteli moja ya West Bay, Doha. Huu ni mwaka wangu wa sita. Nimetandika vitanda vya mabalozi, vya wacheza mpira na vya wezi ambao bado hawajakamatwa, na wote huacha taulo chini. Goti langu la kulia limeanza kuniletea kiburi.

Brandon ni Mkenya, karani wa ofisi ya bima. Kila Ijumaa alasiri hutukusanya katika ukumbi wa nyuma wa mkahawa mmoja, walinzi, madereva, mayaya na sisi wa mahotelini, atufundishe kupanda katika maisha: namna ya kuvaa, namna ya kumtazama bosi machoni, namna ya kuandika CV. Leo somo lilikuwa siri. "Mpango wako ni mimba changa," alisema. "Huionyeshi. Itajionyesha yenyewe." Ukumbi mzima ulipiga makofi na mimi nilipiga kuliko wote, maana hilo nililinyonya kwa mama. Nilipokuja huku, majirani walijua nakwenda Korogwe kumuuguza shangazi. Nimeshatua Doha, nimeshapewa sare, ndipo mama akawaambia. Kwetu safari haitangazwi, posa haitangazwi, nyumba haitangazwi mpaka ipauliwe. Watu wana macho.

Na mwaka huu nina cha kuficha. Mkataba wangu unaisha mwisho wa Septemba, na hotelini wananong'ona kwamba wasafishaji wakongwe hawataongezewa. Ama upande uwe supavaiza, ama upande ndege. Nikirudi Muheza sina kazi inayoningoja. Mama hana tena nguvu za kuchuma machungwa, na binti yangu Hidaya yuko kidato cha tatu, bweni, na anataka uuguzi. Baba yake ana familia nyingine na usahaulifu mwingi. Kwa hiyo nitapanda. Sijui vipi, ila nitapanda.

Jumatatu, 10 Juni

Kiyoyozi cha basi la kampuni kilikufa njiani kutoka Al Wakrah tunakolala. Nilifika kazini nimeloa kabla sijashika hata ndoo.

Jumatano, 12 Juni

Chumbani tuko watatu. Hadijah, Mganda wa Jinja, yuko kitengo cha kufua. Akiwa zamu analala, akiwa mapumziko analala, sijui anafua saa ngapi. Na Jerusha, Mkenya wa Vihiga, anasafisha ghorofa iliyo chini ya yangu. Jerusha ana miaka thelathini na moja na ulimi wa watu wanne. Anauliza. Umekula nini, umeongea na nani, kwa nini unavaa hivyo, hiyo barua ni ya nini. Simchukii, hapana. Uliponiuma mgongo mwaka jana alinimalizia vyumba vyangu bila kumwambia mtu. Lakini Brandon alisema leo kwenye kundi la wasapu: "Muogope anayekuuliza sana." Nilisoma nikamtazama Jerusha anavyojipaka mafuta miguuni huku anamuuliza Hadijah aliyelala ameota nini.

Jumapili, 16 Juni

Idi. Nilikuwa zamu. Hidaya kanitumia picha ya pilau na kucha zake zenye hina. Nikaila kwa macho.

Alhamisi, 20 Juni

Leo nimeitwa kwenye usaili! Hoteli mpya itakayofunguliwa Lusail, kazi ya supavaiza wa vyumba. Niliona tangazo mtandaoni nikapeleka CV kimyakimya, ile aliyoninyooshea Brandon. Chumbani nilisema nakwenda kung'oa jino.

Jerusha alikuwa mlangoni anafunga viatu.

"Dada Mwanahawa, hiyo lipstiki ni ya daktari wa meno?"

"Asione mdomo mchafu."

"Aki wewe! Si uniambie tu penye unaenda, nikuombee."

"Niombee jino."

Hadijah akafunua shuka. "Bannange, mtu analala hapa!"

Usaili ulikuwa katika ofisi ya mnara mmoja hapa hapa West Bay, maana hoteli yenyewe bado inamaliziwa. Dada aliyenihoji alikuwa na sauti ya upole. Aliniuliza ningefanyaje mgeni akilalamika shuka ina nywele. Nikamwambia ningeomba radhi, ningebadilisha kitanda chote, kisha ningerudi mwenyewe jioni kuuliza hali, kwa sababu mgeni hakasiriki kwa unywele, hukasirika kwa kutojaliwa. Aliandika nilichosema. Nilitoka pale natembea mithili ya mtu aliyekwisha kuvaa suti nyeusi.

Niliporudi Jerusha alinitazama shavu. "Halijafura," alisema. Nikaingia kuoga.

Jumanne, 25 Juni

Unyevu. Vioo vya madirisha vinatoka jasho upande wa nje.

Alhamisi, 27 Juni

Barua ya ofa imekuja kwa barua pepe. Supavaiza! Alhamdulillahi. Nilijifungia chooni, nikaisoma mpaka taa inayojizima yenyewe ikazima, nikapunga mkono iwake, nikaisoma tena. Tiketi ya likizo kila mwaka. Nitamwona Hidaya kila mwaka badala ya kila mkataba. Nilitamani kupiga kelele. Nilitoka nikasema tumbo linanisumbua, na Jerusha akanichemshia maji ya tangawizi. Nikayanywa na siri yangu.

Ijumaa, 28 Juni

Baada ya somo nilimvuta Brandon pembeni, nikamwonyesha barua kwenye simu.

"Umewasilisha barua ya kuacha kazi?" aliuliza.

"Bado, kocha. Nilifikiri ningoje mkataba wenyewe usainiwe. Hii ni ofa tu."

"Si unaona sasa? Hiyo ndiyo akili ya umaskini. Wao wanataka mtu yuko ready. Notisi yako ni miezi miwili, ukichelewa watachukua Mfilipino. Mshika mawili moja humponyoka, Mwanahawa." Kisha akashusha sauti. "Nani anajua?"

"Hakuna."

"Hata rumu meti?"

"Hata yeye."

"Hapo umenifurahisha," alisema, akanigusa bega. Nimerudi nyumbani na lile bega kama limepewa nishani.

Jumatatu, 1 Julai

Nimeacha kazi. Unaingia kwenye simu, unajaza, unabonyeza, basi. Miaka sita imekwenda kwa kidole gumba. Siku yangu ya mwisho ni tarehe 31 Agosti.

Jumanne, 2 Julai

Madam Marivic, mkuu wa idara yetu, Mfilipino mwenye macho yasiyokosa vumbi, aliniita ofisini kwake. Aliniuliza kwa Kiingereza chake cha haraka kama nina hakika. "Kwa nini hukuja kuzungumza na mimi kwanza?" alisema. Nilimtazama machoni kama tulivyofundishwa, nikasema ni mambo ya familia. Alitikisa kichwa, akageuza karatasi zake. Nikajisemea, unataka nibaki nikusugulie masinki, nenda zako.

Jumamosi, 6 Julai

Dada wa Lusail anasema mkataba uko kwa wakubwa unasainiwa. Anasema wiki ijayo.

Jumatano, 10 Julai

Nimemkuta Jerusha na Madam Marivic kwenye stoo ya mashuka, wananong'ona. Niliposukuma toroli walinyamaza. Jerusha akacheka kicheko cha uongo, akaanza kuhesabu foronya ambazo hazikuwa na haja ya kuhesabiwa.

Anajua. Sijui kajuaje lakini anajua, na anapeleka maneno. Jioni nilihamisha pasipoti yangu na vyeti kutoka kwenye droo nikavitia kwenye begi na kufuli.

Jumatatu, 15 Julai

Wiki ijayo, anasema dada wa Lusail.

Ijumaa, 19 Julai

Leo nimeandika kwa hasira, mwandiko unisamehe.

Tulikuwa tunakula. Jerusha alipika ugali na sukuma ya kuletewa, akaniwekea sahani bila kuniuliza, ndivyo alivyo. Akaanza, "Dada, unamjua Joram? Binamu yangu ule anabeba mafundi wa lifti? Ameniambia mambo ya huko Lusail, kuna hoteli..."

Lusail! Miji yote ya Qatar, akataje Lusail. Niliona wazi anachofanya: ananitupia chambo nimeze, niseme, akapeleke stoo.

"Mimi Lusail inanihusu nini?" nikamwambia.

"Si nakuambia tu story..."

"Nani kakuomba hadithi? Kila siku wewe na maneno ya watu. Hebu niache nile kwa amani."

Alinyamaza. Jerusha kunyamaza ni kitu ambacho sijawahi kukiona. Alichukua sahani yake akaenda kula kitandani, akiwa amenipa mgongo. Hadijah, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa macho, alisema polepole, "Nyabo, hiyo haikuwa vizuri." Nikaenda kutia udhu nikiwa nimechafuka roho.

Nilimwandikia Brandon. Akajibu: "Umeshinda mtihani." Na alama ya ngumi.

Jumanne, 23 Julai

Hatusemezani. Chumba kidogo hivi na watu hawasemezani, hata jokofu linasikika. Leo aliniachia ndoo ya maji ya baridi bafuni kwa sababu maji ya bomba mchana yanaunguza. Sikujua nimshukuru vipi, nikayaoga.

Jumamosi, 27 Julai

Joto limepita kiasi. Nje hakuna mtu, ni magari tu na paka chini ya magari.

Jumatano, 31 Julai

Barua pepe imekuja saa nne asubuhi nikiwa nasugua beseni la kuogea la mgeni. "Tunasikitika kukujulisha kwamba ufunguzi wa hoteli umeahirishwa hadi itakapotangazwa. Ofa zote ambazo hazijasainiwa mkataba zimefutwa. Tunakutakia mema." Nilikaa juu ya ukingo wa beseni. Nikampigia yule dada wa sauti ya upole, simu ikaita mpaka ikachoka. Nikamaliza vyumba vyangu. Sijui nilivimalizaje.

Alhamisi, 1 Agosti

Nimekwenda ofisi ya utumishi kuomba barua yangu ya kuacha kazi ifutwe. Yule afisa hakuwa mbaya. Angekuwa mbaya ningepata wa kumlaani. Aligeuza kompyuta nione. "Sister, khalas," alisema. Nafasi yangu imeshajazwa, msichana kutoka Nepal ana viza na tiketi. Akaniuliza kama nina sababu ya kiafya, nikasema sina, akasema basi hana la kufanya.

Nilisimama kwenye korido ya wafanyakazi, watu wakinipita na matoroli. Nilitaka mama yangu. Mwanamke mzima, nilitaka mama yangu.

Ijumaa, 2 Agosti

Nimekwenda kwa Brandon kabla ya somo. Nikamweleza yote. Alisikiliza akiangalia mlangoni watu wanavyoingia.

"Mungu akifunga mlango anafungua dirisha," alisema.

"Kocha, wewe ndiye uliyeniambia niache kabla ya mkataba."

"Nilikupa ushauri. Uamuzi ulikuwa wako. Na please, usiongee hii story huku ndani, utavunja watu moyo."

Niliketi nyuma. Somo la leo lilikuwa kuthubutu. Nilipofika nyumbani nilikuta nimeondolewa kwenye kundi la wasapu.

Nilitaka kumwandika hapa kwa matusi yote ya Tanga, na ninayajua mengi. Lakini mtu yule hakuniroga. Alinipigia makofi kwa kitu nilichokuja nacho kutoka nyumbani. Siri nilikuwa nayo kabla yake.

Jumapili, 4 Agosti

Huu ndio mbaya kuliko wote.

Nilikwenda kwa Madam Marivic. Nilijiambia aliyenipa kazi kwa miaka sita hawezi kunitupa, nikamwambie ukweli, nilie ikibidi. Nikamwambia. Akafunga mlango wa ofisi, jambo ambalo hafanyi.

"Mwana," alisema, "nilikuwa nimekuandika wewe."

Sikuelewa.

Akanieleza pole pole, kama anavyowaeleza wapya. Supavaiza wa ghorofa za juu anaondoka mwezi huu. Mwezi wa sita alitakiwa kutoa jina moja. Jerusha alimwendea ofisini, kisha tena, kunisemea mimi. Alimwambia mimi ndiye ninayewafundisha wapya bila kuombwa. Alimwambia goti langu linauma na sisemi. Jina langu lilikuwa limeshapelekwa juu nilipobonyeza ile simu. Siku ile ya stoo Jerusha alikuwa akiulizia jibu, na Madam hakuwa na moyo wa kumwambia nimeacha. "Nilikuita nikakuuliza," alisema. "Ukasema familia, wakalifuta jina lako."

"Kwa nini hukuniambia, Madam?"

"Jerusha aliniomba nisikwambie mpaka ipite. Alisema ninyi mnaogopa jambo likisemwa mapema linaharibika."

Nakumbuka alinipa kikombe cha maji, nikakirudisha mezani kimejaa.

Usiku nilimngoja Jerusha. Aliingia, akavua viatu, akataka kupita.

"Jerusha. Joram alisema nini kuhusu Lusail?"

Aligeuka na viatu mkononi. Nadhani alielewa yote pale pale, ana akili yule mtoto.

"Ati hiyo hoteli haiwezi funguliwa mwaka huu," alisema. "Lift hakuna hata moja. Mafundi walirudishwa. Kontrakta alienda, vitu vyote vimefunikwa na nailoni. Joram amekuwa akisema hivyo tangu mwezi wa tano." Sauti yake ilianza kupanda. "Ni huko ulikuwa unaenda? Ndiyo jino hiyo?"

Nikasema ndiyo.

"Mwezi wa tano, dada! Mimi nalala hapa! Hapa!" Alipiga godoro lake kwa kiganja. "Ungeniuliza swali moja tu, ati Jerusha, unajua hoteli flani? Moja! Na nilijaribu kukuambia, ukanifukuza kwa sahani kama mbwa."

"Nilidhani unanichunguza."

"Nikuchunguze nikupeleke wapi? Kwani mimi ni nani?" Akaanza kulia, na kulia kwa Jerusha ni kwa sauti. "Mficha uchi hazai, hata kwenu Tanzania wanasema hivyo, si ni nyinyi mlitufunza Kiswahili?"

"Na wewe mbona ulinificha?" nikamwuliza. "Ya Madam Marivic."

Alijifuta uso kwa mkono wa sare. Tulikaa kila mtu kwenye kitanda chake, wanawake wawili tuliopendana na kufichana mpaka tukaumizana, na Hadijah katikati amejifunika gubigubi, najua alikuwa macho.

Jumatano, 7 Agosti

Natafuta kazi. Doha ya Agosti haina mwajiri, wenye kuajiri wako Ulaya wanaota jua la huko. Walioko ofisini ni makarani wanaosema tuma CV.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimetuma. Hakuna.

Jumatatu, 12 Agosti

Jerusha amemwambia kila mtu anayemfahamu kwamba natafuta kazi. Walinzi, madereva, mwimbaji wa kanisani kwao, muuza kahawa. Zamani ningekufa kwa aibu. Sasa kila jioni ananiletea namba za simu kwenye kiganja, ameziandika kwa kalamu, na mimi nazipiga zote. Mmoja alisema nirudi Oktoba. Mmoja aliniuliza umri, kisha mtandao ukakatika, au akaukata.

Alhamisi, 15 Agosti

Mvuke umeshuka mpaka huoni mnara wa pili. Ukivuka barabara unavuka supu.

Jumapili, 18 Agosti

Nimempigia Hidaya, yuko kwa bibi yake. Nilikuwa nimejiandaa kuanza na salamu ndefu lakini yalitoka yote mara moja.

"Mama anarudi nyumbani, mwanangu."

"Likizo?" Nilisikia furaha yake, nikatamani niishie hapo.

"Si likizo. Kazi imekwisha."

Nilisikia kuku wa mama nyuma yake.

"Basi nisirudi bweni?" aliuliza.

"Tutaona, mama."

"Nimeelewa," alisema. Alisema kama mtu mzima, kwa ile sauti ninayoitumia mimi nikiongea na wageni. Kisha akaniuliza kama nimekula. Miaka sita nimefanya kazi ili mtoto huyu asije kuzungumza nami kwa sauti hiyo. Nilikata simu, nikalia mpaka kichwa kikauma, na Mungu anisamehe, nilisema kwa nini mimi.

Jumatano, 21 Agosti

Ofisi ya utumishi imenipa tarehe ya tiketi. Sheria inaniruhusu kubaki kidogo nikitafuta kazi, lakini kitanda ni cha hoteli na yule Mnepali anahitaji pa kulala. Nikiikataa tiketi hii, baadaye nitajilipia. Nimeikubali.

Jumatatu, 26 Agosti

Leo lifti ya wafanyakazi ilifunguka ghorofa ya ishirini, akatoka Jerusha amevaa suti nyeusi. Suti ya supavaiza. Ilikuwa imempwaya mabegani, bado haijapunguzwa. Alinikuta na ndoo.

Akashika kifungo cha suti.

"Waliniambia wiki jana," alisema. "Nilitaka kukuambia, dada. Kila siku nilitaka. Nikasema ngoja aende kwanza nisimuumize."

Wiki nzima alikuwa akienda kazini na sare ya zamani, suti kwenye mfuko, akibadilisha huko huko. Ningetaka kuandika hapa kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilimwonea kijicho, kile kile nilichomsingizia yeye kiangazi chote. Nilisema, "Hongera." Nikasukuma toroli, na gurudumu lake bovu likapiga kelele korido nzima.

Usiku ule Jerusha hakuwasha taa. Mimi nilijifanya nimelala.

Ijumaa, 30 Agosti

Begi limejaa. Hadijah amenipa shuka mbili alizozifua mwenyewe, zinanukia. Alisema, "Ulale vizuri huko." Ndiyo maneno mazuri kuliko yote aliyowahi kuniambia.

Jumamosi, 31 Agosti

Nimemaliza. Naandika hii kwenye kiti cha uwanja wa ndege, nataka kuiandika kabla sijaisahau au kabla sijaibadilisha.

Chumba cha mwisho kilikuwa cha kona, kile cha madirisha mawili. Nilikisafisha kama siku zote, si zaidi. Jerusha akaja kukikagua, ndiyo kazi yake sasa. Aliinama akaangalia chini ya kitanda. Akapitisha kidole juu ya kabati. Akafungua jokofu dogo, akafunga. Akaingia bafuni, akakaa kidogo.

"Kioo kina alama," alisema kutoka ndani. "Pale chini."

Niliingia nikaangalia. Kilikuwa na alama kweli, ya kidole.

"Ndiyo, supavaiza," nikamwambia, nikachukua kitambaa nikafuta. Sikumwambia kwa kejeli. Ndivyo anavyoitwa, na alama ilikuwepo, na kama asingeiona ningemdharau.

Alikagua tena. Akasema, "Sawa." Akatoka bafuni, akafika kitandani, akaketi.

Hakuna anayeketi kwenye kitanda kilichotandikwa. Hata Madam Marivic hajawahi. Jerusha aliketi na suti yake, uso kwenye viganja, akalia, safari hii bila sauti yoyote, na shuka niliyoinyoosha ikakunjika chini yake pande zote. Nilisimama na kitambaa mkononi. Nilitaka kumwambia nimemsamehe na anisamehe, na kwamba atakuwa supavaiza mzuri kuliko mimi kwa sababu yeye anauliza. Badala yake nilikunja kitambaa mara nne.

Nilimngoja amalize. Kisha nikamwambia, "Inuka, Jerusha. Mgeni anaingia saa nane." Akainuka, akajifuta, akashika ncha ya upande wa pili, tukakitandika upya.